Kiti 14D na kiti 2C: uchambuzi wa kisa cha simu katika ndege ya Lubumbashi–Kinshasa

Kisa ninachokichambua hapa kilitokea jioni moja ya mwezi wa Novemba, katika ndege iliyokuwa ikitoka uwanja wa Luano kwenda Kinshasa, nami nilikishuhudia nikiwa abiria katika kiti cha 15C. Nilifanya kazi ya uhudumu wa ndege kwa miaka kumi na moja, na sasa ninafundisha wahudumu wapya hapa Lubumbashi. Sitalitaja shirika la ndege wala wahusika, kwa sababu kosa lililofanyika siku ile nimeliona katika mashirika mengi, na mimi mwenyewe nililifanya nilipokuwa kijana.

Mvua kubwa ilikuwa imepiga mji tangu mchana, na safari ikachelewa zaidi ya saa mbili. Katika ukumbi wa kungojea watu walimaliza chaji za simu zao wakiwapigia jamaa waliokuwa wakiwasubiri Kinshasa, kisha waliokuwa na pawabanki, zile betri za akiba za kuchajia simu, wakazitoa mikobani na kuunganisha waya. Katika mji ambao umeme hukatika mara kwa mara, pawabanki si anasa. Mtu huibeba kama anavyobeba funguo za nyumba. Basi abiria walipanda ndege wakiwa wamechoka, na simu nyingi zikiwa zimeunganishwa na betri hizo. Hali hiyo ilionekana wazi tangu mlangoni, na wahudumu wangeweza kusema neno mapema, wakati watu bado wanatafuta viti vyao. Hawakusema.

Katika kiti cha 14D, upande wa pili wa njia, alikaa mzee wa miaka sitini na zaidi, amevaa suti ya kahawia iliyolowa mabegani. Simu yake ilikuwa juu ya paja, na waya ulitoka kwenye simu ukaingia ndani ya mfuko wa kiti kilichokuwa mbele yake. Kila baada ya muda mfupi aliibonyeza simu ili kioo kiwake, akatazama, akaiacha izime. Tangazo la usalama lilisomwa kwa Kifaransa, kisha kwa Kiingereza, kwa mwendo wa mtu anayelijua kwa moyo. Kwa Kiswahili halikusomwa, ingawa mabibi watatu waliokuwa safu ya 12 walikuwa wakiulizana kwa Kiswahili mkanda unafungwaje.

Wakati huohuo, katika kiti cha 2C, bwana mmoja aliyesindikizwa hadi kwenye ngazi ya ndege na vijana wawili waliombebea mkoba alikuwa akizungumza kwa simu kwa sauti ya juu. Pazia la sehemu ya mbele lilikuwa halijafungwa. Mlango wa ndege ulifungwa, naye akaendelea. Mhudumu kijana alipita karibu naye mara mbili; mara ya kwanza alitabasamu, mara ya pili alitazama pembeni. Mzee wa 14D aliyaona yote hayo, kwa kuwa kutoka kiti chake njia nzima ilikuwa wazi mbele ya macho yake.

Ndege ilianza kusukumwa nyuma. Kijana yule alikuja akikagua mikanda, akafika safu ya 14, akasimama wima, akanyoosha kidole kuelekea kwenye simu na kusema kwa Kilingala: « Papa, boma telefone. » Hakuna tusi ndani ya maneno hayo. Huko Kinshasa, mtu anayemwambia mwenzake azime simu husema hivyo hivyo. Lakini hapa palikuwa Lubumbashi, kijana alikuwa akimwambia mtu wa umri wa baba yake, bila salamu, kwa kidole, na kwa lugha ambayo wazee wengi wa mji huu bado huisikia kama lugha ya amri. Mzee hakupandisha sauti. Alijibu kwa Kiswahili: « Anzia kule mbele, mwanangu, kisha urudi kwangu. »

Kijana alielewa Kiswahili vizuri, nilimwona usoni, lakini badala ya kusikia maana alisikia ukaidi. Akasema kwa sauti ambayo safu kumi ziliisikia kwamba kama mzee hatazima simu, ndege itarudi na yeye atashushwa. Hapo kisa kikabadilika. Abiria mmoja akasema mzee ana haki, mwingine akasema tumechelewa vya kutosha, na watu wakaanza kurekodi. Palipokuwa na simu moja inayowaka, niliweza kuhesabu tisa.

Kabla ya kusimulia mwisho wake, ni lazima nieleze sheria yenyewe, kwa sababu wahudumu wengi huitekeleza bila kuijua kwa undani, na abiria hutambua upesi mtu anayetetea jambo asilolijua.

Amri ya simu ina sababu tatu, na sababu hizo hazina uzito mmoja. Ya kwanza ni mawimbi. Simu iliyo mbali na mnara wa mtandao huongeza nguvu zake ili isikike, na simu za kizazi cha pili zinaweza kufikia wati 2 kwa vipindi vifupi vifupi. Kila aliyewahi kuweka simu karibu na redio anaujua ule mlio wa trr-trr-trr unaotangulia simu kuita; marubani huweza kuusikia mlio huo ndani ya vipokea sauti vyao, wakati ambapo wanapokea namba za kimo na mwelekeo kutoka mnara wa kuongozea ndege. Siwafundishi wanafunzi wangu kumwambia abiria kwamba simu yake itaangusha ndege. Huo si ukweli, na abiria aliyewahi kusahau simu yake ikiwa imewaka, akafika salama, atawaona waongo katika hili na katika mengine. Ukweli ni kwamba ndege hupimwa aina kwa aina ili kujua kama vyombo vyake vinavumilia mawimbi hayo, na shirika haliwezi kulegeza amri kabla ya kuhakikisha hivyo kwa ndege zake. Marekani iliruhusu vifaa vitumike katika hali ya ndegeni, yaani vikiwa vimewaka lakini mawimbi ya mtandao yamezimwa, tangu kupaa hadi kutua mwezi Oktoba 2013, kwa mashirika yaliyothibitisha usalama wa ndege zao. Ulaya ikafuata mwishoni mwa mwaka huohuo, na mwaka 2014 ikaenda mbele zaidi. Kwa hiyo mtu aliyepita Addis Ababa au Brussels anaweza kabisa kuwa ameona utaratibu mwingine, na akibishana nasi huku Luano hadanganyi. Anastahili kujibiwa kwamba kila shirika linafuata kile kilichoidhinishwa kwa ndege zake.

Sababu ya pili ni dakika za kupaa na za kutua, ambazo wahudumu huhesabu kuwa tatu za kwanza na nane za mwisho. Ndege ya abiria haipewi kibali mpaka ionyeshwe kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90, tena nusu ya milango ikiwa haitumiki. Katika sekunde hizo, mtu mwenye vipokea sauti masikioni hasikii amri, kompyuta ya kilo mbili iliyo mapajani huruka kama jiwe, na waya uliokatiza mbele ya magoti humnasa jirani. Sisi Wakongo hatuhitaji mifano ya mbali. Tarehe 15 Aprili 2008, ndege aina ya DC-9 ilipita mwisho wa njia ya kurukia ya Goma na kuangukia mtaa wa Birere. Wengi wa waliokuwa ndani walitoka hai, ilhali waliokufa wengi walikuwa watu wa mtaani. Ndani ya ndege iliyoanguka kuna muda wa kujiokoa, lakini ni mfupi mno, na hautoshi kwa mtu anayehangaika kujinasua kwenye waya wa simu.

Sababu ya tatu ndiyo nzito zaidi leo, nayo ndiyo iliyosahauliwa kabisa siku ile: moto wa betri. Betri ya lithiamu iliyoharibika hujichemsha yenyewe, seli moja ikiichemsha ya pili, na gesi ya halon inayozima mwali haizuii joto kuendelea ndani. Dawa yake ni kuzima mwali kisha kumwaga maji mengi ili kuipoza, na kuendelea kuilinda kwa sababu huweza kuwaka tena. Ndiyo maana pawabanki hairuhusiwi katika mzigo wa chini, ambako hakuna mtu wa kuiona. Ni lazima ikae na mwenyewe. Tarehe 28 Januari 2025, ndege ya Airbus A321 ya Air Busan iliungua ikiwa bado chini katika uwanja wa Gimhae, Korea Kusini. Watu wote walitoka, na uchunguzi ukaelekea kwenye pawabanki iliyokuwa katika sanduku la mizigo la juu ya vichwa. Kuanzia tarehe 1 Machi mwaka huo, Korea Kusini ikakataza kuziweka katika masanduku hayo.

Kipimo chake kila mhudumu anapaswa kukijua kichwani. Betri isiyozidi wati-saa 100 (wati-saa ni kipimo cha nishati iliyomo ndani ya betri) hupita bila kibali. Ya kati ya 100 na 160 huhitaji idhini ya shirika, tena zisizidi mbili. Zaidi ya 160 haipandi. Pawabanki nyingi za sokoni huandikwa kwa miliampea-saa (mAh) tu, basi huzidishwa kwa volti 3.7 na kugawanywa kwa elfu moja. Yenye 20,000 hutoa wati-saa 74, haina shida. Yenye 30,000 hutoa 111, na hiyo inahitaji idhini. Lakini juu ya namba zote hizo kuna sharti ambalo halina kipimo: betri iliyotuna, iliyopasuka au inayopata joto lisilo la kawaida haipandi kamwe, hata ikiwa ndogo.

Sasa turudi ndani ya ndege. Mkuu wa wahudumu, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, alisikia zogo kutoka nyuma. Jambo la kwanza alilofanya halikuonekana na abiria wengi: alishika simu ya ndani na kumwambia rubani kwamba kabini haiko tayari. Ninalitilia mkazo jambo hilo. Ndege haipaswi kupaa kabla ya rubani kupata taarifa kwamba kabini imekaguliwa, na mhudumu anayejua hilo hana haja ya kupiga kelele wala kutishia, kwa kuwa muda uko mikononi mwake. Kijana alitishia kurudisha ndege, uamuzi ambao si wake. Ni wa rubani mkuu, ambaye tangu milango inapofungwa ndiye mwenye dhamana ya usalama wa wote waliomo, kama kinavyosema Kiambatisho cha 6 cha Mkataba wa Chicago, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga. Wengine hupenda kuwatajia abiria Mkataba wa Tokyo wa mwaka 1963 juu ya makosa yanayotendwa ndani ya ndege. Wasisahau kwamba mamlaka ambayo mkataba ule unampa rubani yaliandikwa hasa kwa safari zinazovuka mipaka, na kwamba safari ya Lubumbashi–Kinshasa inasimama juu ya sheria ya nchi. Kutishia kwa silaha ambayo huna ni njia ya haraka ya kupoteza heshima uliyo nayo.

Kisha akaja safu ya 14. Alimwomba kijana arudi nyuma, akachuchumaa katika njia mpaka uso wake ukawa chini ya uso wa mzee, akasema: « Jambo, papa. Utusamehe kwa namna mdogo wangu alivyokuongelea. Ni habari gani unaingojea? » Mzee alikaa kimya kidogo. Kisha akasema kwamba binti yake alikuwa ameingizwa katika chumba cha upasuaji huko Likasi, na kwamba mkwe wake alikuwa ameahidi kuandika atakapotoka.

Katika miaka yangu yote sikuwahi kufundishwa kuuliza swali lile, na nadhani ndilo lililomaliza ugomvi. Mtu anayekataa kuzima simu mara nyingi hana ugomvi na sheria. Ana kitu anachokingoja, na sheria imemjia bila kumuuliza. Mkuu yule hakumwahidi jambo lisilowezekana. Alimweleza kwamba tukishapanda juu mtandao utapotea wenyewe, kwa hiyo hata simu ikibaki imewaka ujumbe hautamfikia kabla ya kutua. Akamwomba aandike sasa hivi kwamba anaingia angani na kwamba atawasha simu Kinshasa, akamwambia atamsubiri aandike. Mzee aliandika kwa kidole kimoja, polepole, na hakuna aliyemharakisha.

Alipomaliza akainua macho, akasema tena, safari hii kwa upole: « Na yule wa mbele? »

Mkuu aliinuka, akaenda moja kwa moja hadi kiti cha 2C, akachuchumaa vilevile, akasema maneno tuliyoyaona kwa midomo tu. Bwana yule aliitazama saa yake, akamaliza sentensi yake, akazima. Mkuu aliporudi, simu ya 14D ilikuwa tayari imezimwa, na zile tisa zilizokuwa zikirekodi zilikuwa zimeshuka moja baada ya nyingine.

Hapo ndipo ninapoweka hukumu yangu. Mzee hakuwa na haki ya kuendelea kutumia simu. Kosa la mwingine halikumpa ruhusa. Lakini alichokuwa akikidai ni haki ya kweli: sheria ya usalama imguse kila mtu bila kujali cheo chake. Mawimbi ya simu ya safu ya 2 yako karibu zaidi na chumba cha rubani kuliko ya safu ya 14. Mhudumu anayempita mheshimiwa na kumwamuru mzee huwa amewaambia abiria wote kwamba amri ile si ya usalama bali ya kuonyesha nani mkubwa na nani mdogo, na baada ya hapo hakuna maelezo ya mawimbi wala ya sekunde 90 yatakayosikilizwa. Najua sababu ya kijana kutabasamu. Anaogopa kwamba bwana yule atapiga simu moja na yeye atapoteza kazi, na hofu hiyo si ya kubuni. Ndiyo maana abiria wa namna hiyo asiachiwe mhudumu mdogo. Ni kazi ya mkuu, na ifanyike kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote kuguswa.

Lipo kosa moja zaidi, na linanisumbua kwa kuwa lilifanywa na yule aliyefanya vizuri. Mkuu alipokuwa amechuchumaa kando ya mzee aliona waya, akaufuata kwa mkono mpaka ndani ya mfuko wa kiti, akaitoa pawabanki. Aliigusa kwa nyuma ya vidole, kama mama anavyopima homa. Nami niliiona: ilikuwa nyeusi, imeandikwa 30,000, na ubavu wake mmoja umetuna kiasi cha kutokaa sawa juu ya kiganja. Akamwomba mzee aichomoe, akaichukua, akaenda kuiweka jikoni nyuma ndani ya chombo cha chuma, chupa mbili za maji zikiwa pembeni. Kama tungekuwa angani, ningemsifu. Lakini tulikuwa bado chini, mita mia chache kutoka kwenye ngazi. Betri iliyotuna ilipaswa kutajwa kwa rubani na kushushwa, hata kama tungechelewa nusu saa nyingine na abiria wote wangenung'unika. Baada ya kutuliza kabini kwa ustadi ule, hakutaka kuivuruga tena. Namwelewa, na bado nasema alikosea. Tulisafiri zaidi ya saa mbili tukiwa na kitu kile nyuma yetu, na mhudumu mmoja alikaa akikitazama njia nzima. Nami sikulala.

Tulipotua N'djili, abiria waliposhuka, mkuu aliniomba nibaki kidogo. Alinifahamu, miaka kadhaa nyuma alikaa katika darasa langu. Alikuwa ameandika ripoti ya safari na alitaka nisaini kama shahidi. Niliisoma nikiwa nimesimama jikoni. Ilikuwa na mistari sita, yote juu ya abiria wa 14D: alikataa, aliombwa, alitii, pawabanki ilichukuliwa. Juu ya kiti 2C hapakuwa na neno, na juu ya ubavu uliotuna hapakuwa na neno.

Nilimwambia nitasaini mambo yale mawili yakiandikwa. Akaniuliza kama ninajua yule wa 2C ni nani. Nikamjibu kwamba ninajua. Alikaa kwenye kiti cha mhudumu kando ya mlango, karatasi juu ya goti, kalamu mkononi, kwa muda ambao wafagiaji walikuwa wamekwisha kumaliza safu za mbele. Kisha akaandika mstari wa saba, na chini yake wa nane, akanipa kalamu.